Bi Husna Haoshi Peke Yake

Mama mkubwa wangu anaitwa Husna, na kazi inayomfanya ajulikane Likombe nzima, hapa Mtwara, ni kuosha maiti za wanawake. Siyo kazi ya mshahara. Asubuhi yuko shambani kwenye mihogo na mikorosho yake michache, jioni anakaanga mihogo njia panda. Akifa mwanamke wa Kiislamu, hata karai liwe linachemka anamwambia jirani, "Niangalizie hapa," na anaondoka. Mimi ndiye ninayempeleka, maana nina bodaboda. Kijiwe changu kiko Chuno, lakini Mama mkubwa akipiga simu nawaacha abiria wanatukana.

Wenzangu kijiweni wananiita Shabani Karafuu, kwa sababu ya ile harufu ya karafuu maiti inayobaki kwenye boksi la pikipiki.

"Karafuu, usinipe mkono bwana, mi bado mzima."

"Zamu yako ikifika utautafuta mkono wangu."

"Mkono wako wa nini? Mi naoshwa na wanaume wenye akili."

Ndo maisha yetu hayo. Begi lenyewe ni la kijani, mali ya kikundi cha akina mama wa msikitini. Ndani mna sabuni, pamba, glovu, karafuu maiti, majani makavu ya mkunazi, mkasi, na kopo la plastiki la bluu la kumiminia maji. Lile kopo nitalitaja tena.

Sasa, mwosha maiti ana sharti moja kubwa. Alichokiona kwenye mwili wa marehemu kinabaki humohumo chumbani. Awe na kovu, awe na ugonjwa, awe na hirizi kiunoni, hutoki nje ukasema. Ni kumsitiri. Bi Zawadi, bibi aliyemfundisha kazi hiyo, alimshikisha mkono ndani ya ndoo ya maji ya kuoshea, akamwapisha. Mama mkubwa kalishika hilo neno miaka ishirini na kitu. Kuna wanawake wanamjia na mihogo mkononi, wanajifanya wanapiga soga tu: "Hivi shoga, marehemu fulani, kweli alikuwa na lile donda?" Jibu lake ni moja: "Ukifa wewe nikikuosha, unataka nikamsimulie nani?" Mtu anameza muhogo wake na kuaga.

Ndo maana wanampenda. Nawajua wamama watatu ambao wameshawaambia watoto wao, nikifa anioshe Husna, asiniguse mwingine.

Nimeamua kuandika habari zake kwa sababu mwaka mzima huu nina swali kuhusu dini na sina pa kulipeleka. Shule niliacha kidato cha pili, kiti kilikuwa kinanichoma, kwa hiyo usitegemee nikupe aya. Mi nitasema nilichokiona.

Mama mkubwa kazaliwa kijijini huko upande wa Mnazi Bay. Alitolewa shule darasa la nne. Mwalimu wa chuo, yule wa Kurani, ndiye aliyemwambia babu kwamba binti akijua kuandika ataandikia wanaume barua. Babu akakubali. Lakini mwalimu huyohuyo ndiye aliyemfundisha Kurani mpaka akahitimu, na kwa kule kujua kusoma herufi za Kiarabu akajitafutia mwenyewe hizi za kawaida, kwenye mifuko ya unga na kanga. Leo anasoma meseji zangu bila miwani. Huyo mwalimu nimweke wapi? Alimfunga au alimfungua?

Akaolewa. Mumewe siku moja kasimama mlangoni, kakasirika kwa sababu ya mboga, akamtamkia talaka tatu kwa mkupuo. Sheikhe wa wakati ule akasema ndo imeshapita hiyo. Mama mkubwa akatoka na watoto wawili na sufuria. Na nani waliompokea? Wanawake wa msikiti wa Likombe. Walimpa chumba cha nyuma pale chuoni, akakaa miezi minane, wanampelekea uji kwa zamu. Kwa hiyo dini ilimtoa nyumbani halafu dini ikampa chumba.

Na mimi je? Sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Kuna ustadhi alinizaba kibao chuoni nikiwa na miaka minane, kwa sababu nilicheka wakati wa kusoma. Mama mkubwa alikuja akamfokea yule ustadhi mbele ya watoto wote, akanibeba mgongoni mpaka nyumbani. Nikajua nimepona, sirudi tena chuo. Wiki iliyofuata akanipeleka chuo kingine.

"Mama mkubwa, hukuliona hili sikio?"

"Nimeliona. Nimekutafutia mwenye mkono mwepesi."

Ndo alivyo. Sijawahi kumwelewa.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mwaka jana, korosho zimeanza kuanguka, siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, Mama mkubwa alipigiwa simu na Bi Sharifa, mwenyekiti wa kile kikundi cha akina mama. Mke wa Ustadhi Ramadhani amefariki. Ameteleza bafuni alfajiri, kaangukia kichwa. Wanataka azikwe kabla ya adhuhuri.

Marehemu nilikuwa namjua. Jina lake la Kiislamu ni Hawa, lakini alizaliwa Witness, binti wa Mwalimu Magreth. Huyu Mwalimu Magreth ni mtu wa Mbozi, huko upande wa Mbeya, kaletwa Mtwara na kazi ya serikali zamani sana, na alinifundisha darasa la tatu. Mpaka leo akiniona barabarani anasema, "Wewe mtoro, umevaa helmeti?" Witness alimpenda Ramadhani, akasilimu, akaolewa. Hakulazimishwa na mtu. Huyo Ramadhani alikuwa anafundisha watoto chuoni na kuuza kanzu sokoni. Mtu mpole. Nikimpakia ananiombea dua njia nzima, mpaka naona aibu kupokea nauli.

Upande wa Mwalimu Magreth ndo kulikuwa na moto. Kanisani kwake walimvua uongozi wa akina mama, eti ameshindwa kumlea binti. Mchungaji akamwambia asikanyage kwa mwanawe mpaka mtoto atakapotubu na kurudi. Mwalimu akatii. Miaka miwili.

Ila alikuwa ananiita kwa siri. Ananipa mchele wa kwao, ndizi, mara sabuni. "Mpelekee. Usiseme zimetoka kwangu." Nilikuwa nafika, nagonga, Witness anafungua mlango nusu. Alikuwa anajua zimetoka kwa nani, mchele wa Mbeya nani atauletea Likombe? Mara ya mwisho alipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia kauficha ndani ya buibui. Nikasema moyoni labda ana upele. Sikuuliza. Mpaka leo nikipita ile nyumba, mkono wangu wa gesi unakuwa mzito.

Basi tukafika msibani. Wanaume wameshakaa kwenye mikeka uani, Ramadhani katikati, macho mekundu, tasbihi mkononi. Kusema ukweli nilimhurumia. Imamu Rajabu alikuwepo, mzee mfupi anayependa kukohoa kabla ya kusema. Mama mkubwa akachukua begi, akaingia chumbani na Bi Sharifa na mama mwingine wa kikundi. Mlango ukafungwa. Mi nikabaki kwenye pikipiki, kama kawaida.

Hazikupita dakika ishirini akatoka. Mikono ya nguo imelowa. Akaja moja kwa moja nilipo.

"Shabani."

"Naam, Mama mkubwa."

"Fungua hilo boksi nijifanye natafuta kitu."

Nikafungua. Akatoa kitambaa changu cha kufutia pikipiki, akakikunja, akakirudisha, akakitoa tena.

"Kuna kitu nimekiona na mdomo wangu hauruhusiwi."

"Kitu gani?"

"Si nimekwambia hauruhusiwi?"

Nikamtazama. Yule mama kaosha watu wa ajali, kaosha watu wa kipindupindu wakati ndugu wamekimbia. Sikuwahi kumwona ametoka chumbani kabla hajamaliza.

"Hakuteleza?"

Akakunja kitambaa.

"Bi Sharifa naye kaona?"

"Sharifa kageukia ukutani, anasoma dua."

"Basi sema! Imamu yule pale. Au napiga polisi mwenyewe sasa hivi."

"Ukawaambie umeona nini?"

"Nawaambia wewe umeona."

"Mimi sijasema nimeona."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia, sasa hiyo dini gani, mtu kauliwa, nyie mnasitiri, mnamsitiri nani? Akaniambia nishushe sauti, tuko msibani. Halafu akasema polepole, kama anajisemea: "Nikisema leo, kesho mwanamke gani atakubali nimfunue? Watasema Husna anasema. Watakufa na hofu. Na nilimwapia Bi Zawadi mkono ukiwa majini. Nisiposema..."

Hakumalizia. Geti lilifunguliwa akaingia Mwalimu Magreth, na nyuma yake Elia, mwanawe wa kiume, na ile fulana yake ya kung'aa ya bandarini. Nani aliwaambia sijui. Mwalimu alikuwa bado ana chaki kwenye vidole. Kaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba, Bi Sharifa akachungulia, akauziba na mwili wake.

"Mama, pole. Lakini humu haingii asiyekuwa Mwislamu."

"Ni mwanangu."

"Tunajua. Akishakafiniwa mtaonyeshwa uso."

Elia akadakia, "Uso tu? Kwani mnatuuzia samaki?"

Mzee mmoja mkekani akasema, "Kijana, wewe humo huingii hata ungekuwa Mwislamu. Ni chumba cha wanawake."

"Nani kakuuliza wewe?"

"Elia," Mwalimu akamkatiza. Halafu akageuka akatuangalia wote pale uani. Hakupiga kelele. Alisema kwa ile sauti ya darasani: "Miaka miwili sijamwona mwanangu kwa sababu ya dini yangu. Leo nimekuja, naambiwa nisimwone kwa sababu ya dini yenu. Nambieni basi nimwone kwa dini gani."

Imamu Rajabu akakohoa, lakini baada ya kukohoa hakusema kitu.

Mama mkubwa akafunga boksi la pikipiki. Akaenda pale mlangoni.

"Mwalimu, vua viatu. Una kanga?"

"Sina."

Akavua mtandio wake wa juu akamfunga kiunoni. Bi Sharifa akang'aka, "Bi Husna! Huyu si mwenzetu!"

"Maji anamimina tu. Kuosha naosha mimi."

"Hairuhusiwi!"

"Basi andika dhambi yangu, uipeleke." Akanyoosha mkono ndani, akatoa lile kopo la bluu, akampa Mwalimu. "Alipokuwa mchanga, nani alikuwa anamwogesha?"

"Mimi."

"Haya. Njoo umimine."

Mlango ukafungwa.

Pale nje kulikuwa na Mngoni mmoja, mtani wa msiba, anajaribu kuchekesha watu kama kawaida yao, akasema sijui nini kuhusu jembe, hakuna aliyecheka. Mi nilikuwa namwangalia Ramadhani. Tasbihi ilikuwa imesimama. Akanyanyuka.

"Nani kamruhusu yule mama?"

Akaanza kwenda mlangoni. Imamu Rajabu akakohoa, safari hii akasema, "Ustadhi, kaa. Huko kuna wanawake."

Akakaa. Hebu fikiria. Sheria ileile iliyomzuia Elia asiingie kumwona dada yake, ndiyo iliyomkalisha Ramadhani chini. Nimeigeuza hiyo mara nyingi kichwani na bado sijui niiweke upande gani.

Mlango ulipofunguliwa, nilitegemea mayowe. Hakukuwa na mayowe. Mwalimu Magreth alitoka, kopo bado liko mkononi, linadondosha maji miguuni kwake. Akasema, "Elia, piga simu polisi. Na mwanangu asiguswe na mtu mpaka wafike."

"Aliteleza!" Ramadhani akasema. "Nimeshasema aliteleza!"

Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza.

Hapo ndo pakachafuka. Watu wakasimama, wengine wakamzunguka Ramadhani, sikujua kama wanamkinga au wanamzuia, na nadhani wao wenyewe hawakujua. Kuna mama akamnyooshea kidole Mama mkubwa: "Husna, umetuuza! Umemvua marehemu nguo mbele ya makafiri!"

Mama mkubwa alikuwa kasimama mlangoni na glovu zake. "Nimesema nini mimi? Nani kanisikia nimesema neno?"

Na ni kweli. Hakusema neno.

Polisi walikuja, mwili ukapelekwa hospitali kupimwa, Ramadhani akapelekwa kituoni. Kesho yake mwili ukarudi, na vita nyingine ikaanza. Watu wa kanisani kwa Mwalimu walikuja na kwaya, wale wale waliomvua uongozi, wanasema turudishe mtoto wetu nyumbani tumzike kwa nyimbo. Elia naye anataka hivyohivyo. Mwalimu akawaambia, "Alijiita Hawa kwa hiari yake. Azikwe kama Hawa. Ila aoshwe na yule mama."

Kikundi cha Bi Sharifa hakikutokea. Hata mmoja. Mama mkubwa akaosha na Mwalimu peke yao, chumba kilekile. Mi nilikuwa nimeegemea ukuta wa nje, upande wa sikio zima. Nikasikia Mama mkubwa anasoma dua zake, na Mwalimu anaimba pambio, chinichini, wote kwa pamoja. Nilingoja nisikie mmoja anamwambia mwenzake anyamaze. Sikusikia.

Ijumaa iliyofuata wakamwita. Baraza la msikiti. Wanawake upande wa pazia, wanaume huku. Nilienda, nikakaa karibu na viatu. Bi Sharifa alieleza kesi: mwosha kamwingiza asiye Mwislamu, kasababisha aibu ya marehemu ikaonekana. Ustadhi mmoja kijana, mgeni, akasoma maneno ya kitabu kwamba anayemsitiri Mwislamu, Mungu atamsitiri. Akayasoma vizuri, sauti nzuri kabisa.

Imamu Rajabu akakohoa. Akasema, "Maneno hayo ni kweli. Lakini aibu ya maiti ni ya maiti. Kipigo alichopigwa siyo aibu yake yeye. Ni kosa la aliyempiga. Kosa la mtu aliye hai hamlifunikii ndani ya sanda ya mwingine."

Nikataka kupiga makofi. Nikajua mambo yameisha. Lakini yule kijana akamjibu, mzee, kama ni hivyo angekuja kwako wewe akakwambia, kwa nini kamwendea Mkristo? Imamu akakohoa tena. Wakapiga kura ya mikono. Begi la kijani likachukuliwa, kopo na kila kitu. Wote wale wawili wanasoma kitabu kimoja. Nilitoka pale kichwa kinauma.

Nikaenda kazini. Abiria wa kwanza, mama wa kanisani, kanambia njiani, "Umeona dini yenu inavyoua?" Abiria wa pili, mzee wa kanzu, kanambia kesi ile wametunga Wakristo wamharibie ustadhi. Wote nikawapeleka walikokuwa wanakwenda. Kesi bado iko mahakamani, Ramadhani yuko mahabusu, na kuna watu wanampelekea chakula na watu wanaomba anyongwe, na pande zote mbili wanaanza kwa kumtaja Mungu.

Jioni nikamfuata Mama mkubwa kwenye mihogo yake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwambia, "Achana nao. Baki nyumbani. Kama Mungu yupo atakuona hapahapa, humhitaji Sharifa."

"Nipe chumvi."

"Mama mkubwa, mi naongea."

"Nakusikia. Nipe chumvi."

Nikampa. Akanyunyiza. Adhana ya magharibi ikaanza, akaanza kufunika karai.

"Unakwenda? Kulekule?"

"Kwani kuna msikiti mwingine karibu?"

"Leo wamekuvua kazi mbele ya watu!"

"Kazi wamenivua. Swala ni yangu."

"Basi angalau uliwashinda. Ulimtoa yule mtu hadharani na kiapo hukukivunja. Nimekuvulia kofia."

Hapo akaacha kufunika karai. Akakaa tena. Akaniangalia mpaka nikaona nimekosea kitu.

"Usinisifu. Mimi nilimkasirikia yule mwanaume. Ningekuwa nafanya kwa ajili ya Mungu, ningesema kwa mdomo wangu. Nimemtuma mama wa watu aone kwa macho yake kitu ambacho mama hatakiwi kukiona. Kila siku anaamka nacho. Nimemtwika yeye ili kiapo changu kibaki safi."

"Ungefanyaje sasa?"

"Sijui." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na kuna mwingine."

"Mwingine nani?"

"Zamani. Miaka kumi na moja. Alikuwa na alama zilezile. Waliniambia kaanguka kwenye mnazi, mwanamke, kapanda mnazi kufanya nini? Nikaosha. Nikafunika. Nikarudi nyumbani, nikasema alhamdulillahi nimemsitiri mwenzangu."

Muhogo uliokuwa mkononi mwangu ulipoa.

"Mumewe yuko hai?"

"Yuko."

"Hapa Likombe?"

"Anaswali safu ya mbele."

"Nani?"

Akasimama, akajitanda mtandio. "Niangalizie karai," akaenda zake msikitini.

Nikabaki na mihogo. Wateja wanakuja, wananiuliza pilipili iko wapi, mi nawaza safu ya mbele. Wale wazee nawajua wote. Mmoja alinipa baiskeli yangu ya kwanza.

Miezi minne hakuna aliyemwita. Kikundi kikapata mwosha mwingine, binti tu, anaogopa, wanasema alikimbia katikati ya kazi. Halafu mwezi wa tatu, mvua imetoka kunyesha, nikiwa kijiweni, simu.

"Shabani, njoo."

Nilipofika nyumbani nikamkuta Bi Sharifa kasimama uani, begi la kijani kalikumbatia kama mtoto. Dada yake kafariki. Kisukari. Na alikuwa mmoja wa wale wamama watatu niliowataja, walioacha usia kwamba waguswe na Husna tu.

Bi Sharifa hakuomba radhi. Alisema, "Dada alikutaja."

Mama mkubwa alikuwa kakaa kwenye kigoda, anamenya mihogo. Hakuinuka.

"Siku hizi sioshi peke yangu," akasema. "Wala na kikundi peke yake. Kila nitakayemwosha, ndani awepo mtu wa damu yake. Mama, dada, binti. Mwislamu asiwe Mwislamu. Awepo, amimine maji, aone ninachokiona. Akitaka kusitiri, asitiri yeye. Akitaka kusema, aseme yeye."

"Hiyo haijawahi kuwepo."

"Basi mtafute mwingine."

Bi Sharifa aliangalia begi. Mwisho akasema, "Dada yake ni mimi."

"Najua. Mara hii usigeukie ukutani."

Nikawapakia wote wawili. Mishikaki, najua siyo sheria. Harufu ya karafuu maiti ilikuwa imerudi kwenye boksi.

Nilipozima pikipiki nje ya nyumba ya msiba, nikamshika Mama mkubwa mkono kabla hajaingia. "Na yule wa miaka kumi na moja?"

"Nilimwambia Imamu."

"Ukamtajia jina?"

"Nilimtajia."

"Akasemaje?"

"Akakohoa," akasema. Akaingia ndani.

Mchana tukazika. Huwa siendi makaburini, huwa namsubiri tu Mama mkubwa, lakini siku ile nilienda. Nikashika jeneza upande wa nyuma. Nikajikuta nimesimama katikati ya wale wazee wa safu ya mbele, mabega yamegusana, jua linawaka. Huyu wa kulia alinishika mkono nisiteleze kwenye udongo uliolowa. Huyu wa kushoto alikuwa analia kweli, machozi mpaka kwenye ndevu. Nikawaangalia mmoja mmoja, natafuta. Sura zote zilikuwa za watu wema.

Imamu Rajabu akakohoa, akaanza dua. Aliomba marehemu asamehewe, na waliodhulumiwa wapate haki zao, na madhalimu waongozwe. Hapo kwenye madhalimu aliinua macho, akaangalia upande wetu. Alikuwa anamwangalia nani sijui. Nilikuwa nimesimama na wenzangu sita.

"Amina," wakaitikia wote, kwa nguvu, na yeye mwenyewe yule mtu, yeyote yule, kaitikia.

Na mimi nikaitikia.